Daktari asema tutembee. Mjini Mumias tutembee wapi?

Msomaji mpendwa, bila shaka umewahi kuambiwa maneno haya na daktari au muuguzi: punguza chumvi, punguza mafuta, na utembee. Ni mashauri matatu, na yote ni ya bure. Chumvi unaweza kuipunguza leo jioni. Mafuta yako mikononi mwako na mwa mpishi wako. Lakini hilo la tatu je? Ukitoka mlangoni pako, utatembea wapi?

Swali hili nililibeba hadi Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, nilipokwenda kumjulia hali shangazi yangu. Shangazi amepita miaka sitini na ana ugonjwa wa sukari. Kliniki walikuwa wamemwambia atembee nusu saa kila siku. Nilipomuuliza kama anatembea, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama anaruka angani.

"Nitembee wapi, mwanangu?" akasema. "Hapo barabarani nikafe kabla sukari haijaniua?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba tutoke pamoja siku ya soko, twende kwa mwendo wake, nijionee mwenyewe. Nawe msomaji, hebu fuatana nasi.

Matembezi ya siku ya soko

Mumias siku ya soko ni mji wa kupendeza, na asiyependa kutembea hapo hajui raha. Akina mama wamepanga mafungu ya mboga za kienyeji: mrenda, kunde, mitoo, saga na managu, majani yakiwa bado na umande. Omena imerundikwa juu ya magunia, na muuza mahindi anapima kwa gorogoro huku akibishana na mnunuzi anayetaka kuongezewa kidogo juu. Kwenye veranda za maduka, mafundi wa cherehani wanakanyaga pedali. Wauza mitumba wanaita kila mtu "mteja", awe na pesa au asiwe nazo. Hapa amepita mzee mwenye kofia na kanzu akielekea msikitini; pale mama mwenye rozari shingoni anachagua ndizi.

Shangazi, ambaye nyumbani alikuwa amenieleza kwa kirefu habari za goti lake, alibadilika mbele ya macho yangu. Huyu alimwamkua "Mulembe", yule akamwitikia "Aleikum salaam". Alisimama kumuuliza mmoja hali ya mjukuu, akamsuta mwingine kwa kutokwenda kwenye matanga. Alionja njugu ambazo hakuzinunua. Tulikuwa tumetembea dakika ishirini na zaidi, naye hajalitaja goti hata mara moja. Nikajiambia kimoyomoyo kwamba hii ndiyo dawa aliyoandikiwa, ila hakuna aliyemwonyesha duka inamouzwa.

Lakini raha hiyo haikudumu. Tulipofika mahali ambapo bidhaa zilikuwa zimejaa verandani, ilitubidi tushuke barabarani. Upande mmoja mtaro, upande mwingine pikipiki zilizokuwa zikipita mbele na nyuma yetu kama nyuki. Trekta lenye trela la miwa lilipita karibu mno. Kisha pikipiki moja ikagusa kikapu cha shangazi, nyanya zikamwagika. Kijana aliyekuwa akiiendesha alisema "pole, mama" na kwenda zake. Hakuna aliyeumia, nashukuru. Lakini mkono wa shangazi ulioshika wangu ulikuwa ukitetemeka.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo alilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya heshima. Mwenye ugonjwa wa sukari huenda haja ndogo mara kwa mara. Katika njia yote tuliyopita, hakujua mahali ambapo mwanamke wa umri wake angeweza kujisitiri kwa staha. "Sasa waelewa kwa nini sitoki," alisema.

Tulirudi nyumbani kwa bodaboda. Naam, chombo kilekile kilichotutisha ndicho kilichotuokoa. Safari ambayo ni mwendo wa robo saa kwa miguu tuliilipia nauli, tukiwa tumekaa.

Kwa nini miguu ni dawa

Huenda ukauliza, je, kuna haja ya kupiga kelele kwa ajili ya matembezi? Iko, na kubwa.

Misuli ya miguu ni miongoni mwa misuli mikubwa kabisa mwilini. Ikifanya kazi huhitaji nishati, na nishati hiyo huitoa katika sukari iliyomo damuni. Katika mwili wa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, homoni ya insulini ama ni haba au haifanyi kazi yake ipasavyo, kwa hiyo sukari hubaki ikizunguka katika damu na kuharibu macho, figo na mishipa. Lakini msuli unaojikunja na kujikunjua huweza kuvuta sukari hata pale insulini inapolegea. Ndiyo maana matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo huzuia sukari isipande sana. Ni dawa isiyohitaji sindano.

Hali kadhalika, anayetembea mara kwa mara huupa moyo mazoezi, hupunguza presha, hulala vizuri, na mifupa yake hukaa imara kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku tano. Mazoezi ya kadiri ni yale ambayo ukiyafanya unaweza kuzungumza, lakini kuimba kunakushinda.

Tusidhani kwamba maradhi haya ni ya matajiri wa Nairobi peke yao. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawajui. Hesabu watu wa nyumbani mwako, kisha uhesabu wa nyumba ya jirani.

Na kuna maradhi mengine yasiyopimwa kwa mashine, nayo ni upweke. Mzee anayekaa ndani siku nzima akitazama ukuta hudhoofika mwili na akili. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalum ya kushughulikia upweke na mahusiano ya watu, kwa kuwa limetambua kwamba jambo hili linaua. Sisi tulilijua zamani. Mtu ni watu. Lakini hao watu atawapata wapi ikiwa njia ya kuwaendea inamtia hofu?

Mji ulioletwa na miguu

Linaloniuma zaidi ni kwamba Mumias ni mji uliokuzwa na watu wa miguu. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901, misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilitembea kutoka pwani kwa miezi mingi, ikafika hapa kwa Wawanga, ikapumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea hadi Buganda. Msafiri Joseph Thomson alifika mwaka wa 1883, nyakati ambazo wageni walipaita mahali hapa Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Nabongo Mumia. Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 1949, ndiye aliyeuachia mji jina lake. Serikali ya kikoloni ilikuwa na makao yake hapa hadi ilipoyahamishia Kakamega mwaka wa 1920. Soko, msikiti, mchanganyiko wa lugha unaousikia leo: mengi kati ya hayo yalikuja na nyayo za watu.

Baadaye mji ukajulikana kwa sukari, kiwanda kilipoanza kusaga miwa mwaka wa 1973. Barabara zikawa za matrekta. Miaka ya tisini bodaboda ya magharibi mwa Kenya ilikuwa baiskeli, na kati ya wale wawili waliopanda, angalau mmoja alifanya mazoezi! Leo ni pikipiki, na wote wawili wamekaa.

Wengine waliwezaje?

Wapo watakaosema kwamba mtaa wa watu wa miguu pekee ni mambo ya Ulaya. La hasha. Nenda Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Njia yake kuu ya maduka, Usita wa Mui, ni nyembamba hivi kwamba gari halina nafasi. Hupita mtu na hupita punda. Nyumba za pande zote mbili hutoa kivuli, mabaraza ya mawe ni mahali pa kuketi na kupiga soga, na mzee wa miaka themanini hutoka kwenda kununua mkate bila kushikwa mkono. Waliojenga hapo hawakusoma vitabu vya mipango ya miji vya Ulaya.

Hata hivyo, si vibaya kujifunza kwa mgeni. Kaskazini magharibi mwa Uhispania kuna mji uitwao Pontevedra, wenye watu zaidi ya elfu themanini. Si Madrid wala Barcelona, na watalii wengi huupita tu. Mwaka wa 1999 mji huo ulimchagua meya aitwaye Miguel Anxo Fernández Lores, ambaye kwa taaluma ni daktari. Wakati huo barabara za katikati ya mji zilikuwa zimesakamwa na magari. Katika miezi yake ya kwanza, daktari huyo aliyaondoa magari katika mitaa ya kale na kuwarudishia watu wa miguu. Magari ya kupeleka bidhaa madukani hayakukatazwa, bali yalipangiwa saa. Kisha mwaka wa 2010 mwendo ukapunguzwa hadi kilomita 30 kwa saa.

Matokeo yake ni haya. Katika mitaa ambamo watu 30 walikufa kwa ajali kati ya mwaka wa 1996 na 2006, waliokufa katika miaka kumi iliyofuata walikuwa watatu tu. Watoto walianza kwenda shule kwa miguu, na maduka ya katikati ya mji hayakufa.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni dogo. Mwaka wa 2011 Pontevedra walitoa ramani waliyoiita Metrominuto. Inafanana na ramani ya treni za chini ya ardhi, lakini badala ya vituo vya treni inaonyesha dakika za kutembea: kutoka sokoni hadi hospitali dakika kadha, kutoka hospitali hadi uwanjani dakika kadha. Mtu anayeitazama hugundua kwamba mahali alipodhani ni mbali ni mwendo wa dakika nane. Je, ramani kama hiyo ya Mumias ingegharimu nini? Karatasi, rangi, na mtu mmoja mwenye saa na miguu.

Hapa kwetu pia dalili zipo. Msomaji wa Nairobi anaijua Aga Khan Walk, ambako hupiti ukitazama nyuma. Mwaka wa 2019 barabara ya Luthuli jijini humo ilipunguziwa nafasi ya magari, na njia za miguu zikapanuliwa. Kwa hiyo linawezekana, tena katika nchi hiihii.

Pingamizi nazo tuzisikilize

Sitaki kuwadharau wanaopinga. Mwenye duka huogopa kwamba magari yakizuiwa, wateja watakimbia. Lakini tazama soko lenyewe: anayenunua ni yule anayepita polepole, akaona, akasimama, akauliza bei. Shangazi katika dakika zile ishirini alinunua vitu vitano ambavyo hakuwa na mpango navyo. Tukirudi kwenye pikipiki, tulipita maduka mengi na hatukununua hata kiberiti.

Vijana wa bodaboda nao ni wana wetu, na wanatafuta riziki. Hakuna anayesema wafukuzwe. Wapewe vituo vizuri kila mwisho wa mtaa, penye kivuli, ili mama aliyemaliza kununua na kulemewa na mzigo awapate papo hapo. Wateja hawatapungua, bali watakuja wakiwa wamebeba zaidi.

Pingamizi la tatu ni gumu kwa sababu limo mioyoni mwetu. Tumeigeuza miguu kuwa alama ya umaskini. Ukionekana ukitembea, jirani anakuuliza kama umeishiwa na nauli. Mtu akinunua gari, hata kwenda kununua maziwa hapo kona analiwasha. Tumesahau kwamba maskini anayetembea kilomita nyingi kwa lazima na tajiri anayelipia mazoezi ndani ya ukumbi wanatumia dawa ileile. Tofauti ni kwamba maskini anainywa katikati ya pikipiki, mitaro na vumbi. Na humu nchini, watembeao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote miongoni mwa wanaouawa barabarani. Basi kumwambia mtu atembee bila kumpa mahali salama pa kutembea ni kumpa dawa na kumnyima maji ya kumezea.

Tuanze na mtaa mmoja

Ninalopendekeza si kubwa. Wenye mamlaka ya mji wachague mtaa mmoja tu wa maduka karibu na soko. Siku ya soko, kuanzia asubuhi hadi alasiri, magari na pikipiki zisiingie, isipokuwa ambulensi na gari la zimamoto. Bidhaa zishushwe alfajiri. Wachuuzi wapangwe upande mmoja kwa mistari, ili njia ya kupita ibaki wazi hata kwa kiti cha magurudumu. Mitaro ifunikwe. Miti ipandwe na mabenchi yawekwe chini yake, maana mzee hutembea mbali zaidi akijua kuna mahali pa kupumzika. Na choo kiwepo, kisafi, chenye maji, na chenye mlango unaofungika. Msinicheke kwa kulitaja hili. Kwa mwenye sukari, kwa mama mjamzito na kwa mzee, choo ndicho kinachoamua kama atatoka nyumbani au hatatoka.

Siku hiyohiyo wahudumu wa afya waweke meza mtaani, wapime presha na sukari. Wengi wasioingia kliniki huja sokoni.

Jaribio hilo lifanywe miezi mitatu. Likishindikana, barabara ifunguliwe na mimi niombe radhi katika ukurasa huu.

Wewe uanze leo

Lakini usiketi ukingoja mtaa ufungwe, msomaji. Tafuta njia iliyo salama kidogo karibu nawe, iwe uwanja wa shule, kiwanja cha kanisa au msikiti, au barabara ya ndani isiyo na magari mengi. Nenda asubuhi mapema au baada ya chakula, kukiwa na mwanga. Tembea ukielekea magari yanakotoka, ili uyaone. Anza kwa dakika kumi, uongeze kidogo kidogo. Tafuta mwenzako, kwani anayekungoja mlangoni hukutoa kitandani kuliko saa ya kengele.

Ikiwa una ugonjwa wa sukari, usitembee pekupeku wala kwa ndara. Vaa viatu vilivyofunika vidole na visivyokubana, na kila jioni tazama nyayo zako, kwa maana ganzi huficha kidonda hadi kioze. Ikiwa unatumia insulini au dawa zinazoshusha sukari, beba peremende au soda ndogo: ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba na kuona kizunguzungu, itumie mara moja. Ukisikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi, simama na umwone daktari kabla ya kuendelea.

Nilipoagana na shangazi, alinisindikiza hadi langoni na kuniuliza kama yale niliyomweleza kuhusu mtaa wa watu wa miguu nitayaandika kweli. Nikamwambia nitayaandika. Akasema, "Basi waambie mimi niko tayari. Viatu ninavyo."

Nami nimewaambia. Kilichobaki ni mtaa.